Tunamwogopa fisi, tunamsahau mbwa wa jirani

Kila inapotangazwa kwamba simba au fisi ameonekana Lang'ata, Karen au Rongai, jiji zima huingiwa na baridi. Wazazi huwafungia watoto ndani jua likiwa bado juu, mabawabu huongezewa tochi, na katika matatu hakuna mazungumzo mengine. Hofu hiyo haina lawama. Mwaka wa 2016 simba walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi zaidi ya mara moja. Mmoja akamjeruhi mtu kando ya Barabara ya Mombasa, na mwingine aliyejulikana kwa jina la Mohawk akapigwa risasi Isinya. Februari 2024 fisi waliwashambulia watu upande wa Rongai, hata wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana katika Barabara ya Magadi wakidai ulinzi.

Lakini hebu jiulize, mpenzi msomaji: ni lini mara ya mwisho wakazi wa mtaa wako walikutana kujadili habari ya mbwa? Ni lini ulimwuliza jirani yako kama yule mbwa wake anayelala langoni amechanjwa? Na mtoto wako akirudi jioni na mkwaruzo mguuni, akisema ni mbwa wa kwa kina fulani aliyecheza naye, je, utamkimbiza hospitalini au utampaka mafuta na kumwambia anawe mikono aje ale?

Maoni yangu ni kwamba tumeielekeza hofu yetu kwa mnyama asiyestahili. Anayepaswa kutunyima usingizi si yule anayenguruma msituni, bali huyu anayetikisa mkia uani. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba ugonjwa anaoweza kutuletea, kichaa cha mbwa, unazuilika kabisa. Mtu anayekufa kwa ugonjwa huu huwa amekufa kwa kuchelewa.

MASHAMBANI NDANI YA JIJI

Kuna watu wanaodhani kwamba habari za wanyama ni za mashambani, na kwamba mkazi wa Nairobi hukutana na ng'ombe akiwa nyama kwenye bucha tu. Mtu kama huyo hajatembea upande wa magharibi wa jiji. Ukitoka katikati ya mji ukafuata Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha ukaingia Riruta, Waithaka, Mutuini na Ruthimitu, au ukashika njia ya Kangemi kwenda Uthiru na Kinoo, utaona ng'ombe wakilishwa kando ya lami, mbuzi wakichakura takataka Kawangware, punda wakivuta mikokoteni ya maji, na nguruwe nyuma ya nyumba za mabati. Karibu na machinjio ya Dagoretti na mabucha ya Kangemi, makundi ya mbwa husubiri mabaki tangu alfajiri. Huko Karen, mbwa ni wengi nyuma ya ua, na ng'ambo ya ua kuna msitu.

Isitoshe, kila mwaka watu wengi huhama vyumba vya mjini na kwenda kutafuta ploti na hewa safi huko Ngong, Kikuyu na Kiserian. Mchana wako ofisini katikati ya jiji; usiku wanaishi maisha ya mashambani. Wamehama wao, lakini mafunzo ya mashambani hawakuyabeba. Mtoto aliyelelewa kijijini alifunzwa mapema kwamba hakuna kupita nyuma ya punda, wala kumgusa mbwa anayekula au mwenye watoto, wala kumkimbia mbwa anayebweka, kwa maana ukikimbia unamwita. Mtoto wa ghorofani humjua mbwa kwa picha za televisheni. Akimwona, humkumbatia.

Hata katikati ya jiji hali ni hiyo hiyo. Tazama yanayotendeka City Park kule Parklands na katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907. Jumapili familia hufika na njugu na ndizi za kuwalisha kima. Mtoto hunyoosha mkono, kima hurukia begani, na wazazi hucheka na kupiga picha. Siku ambayo njugu zimekwisha na kima hajashiba, ndipo hujulikana kwamba mnyama huyu ana meno. Jeraha la kima si la kuchezewa. Linaweza kuleta pepopunda na usaha, na daktari ndiye wa kuamua kama chanjo ya kichaa inahitajika. Anayewalisha wanyama hao anawafunza kuvamia watu.

UGONJWA WA TANGU 1912

Kwa nini naweka uzito wote juu ya mbwa? Kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopatwa na kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa. Shirika hilo hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Asia na Afrika. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiofika umri wa miaka 15. Hapa Kenya, mpango wa taifa wa kuangamiza ugonjwa huu, ulioanza mwaka wa 2014 na unaolenga kufika kikomo 2030, ulitaja makadirio ya hadi vifo 2,000 kwa mwaka. Hata kama idadi hiyo ingegawanywa kwa nne, ingebaki kubwa kuliko ya watu wote walioliwa na simba ambao wewe na mimi tumewahi kuwasikia.

Tena ugonjwa huu si mgeni aliyetujia jana. Kisa cha kwanza kuthibitishwa katika nchi hii kilikuwa cha mbwa, mwaka wa 1912, na mbwa huyo alikuwa katika viunga vya Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 100 tumekuwa tukiishi nao huku tukidhani ni jambo la watu wa mbali.

Ugonjwa husababishwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, au akilamba kidonda kilicho wazi, jicho au mdomo, kirusi huingia. Hakipitii damu kama wengi wanavyofikiri. Hushika njia ya neva na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida kati ya mwezi mmoja na mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Jeraha likiwa usoni, shingoni au mkononi, safari ni fupi. Hii ndiyo sababu watoto wako hatarini zaidi: kimo chao kinauweka uso wao sawa na meno ya mbwa.

Katika majuma hayo yote mgonjwa hujihisi mzima. Kidonda hupona na mtoto hurudi shuleni. Kisha siku moja pale palipoumwa huanza kuwasha au kufa ganzi, homa huja, usingizi hupotea. Baadaye mgonjwa hushindwa kumeza. Akiona maji tu koo lake hukazana kwa maumivu, na hata upepo mdogo humtisha. Kuanzia hapo, pakiwa pamebaki siku chache, daktari hawezi kufanya lolote ila kumpunguzia mateso. Waliowahi kupona baada ya dalili kuanza ni wachache mno duniani kote.

Tazama basi ujanja wa ugonjwa huu. Mtu akiumwa na nyoka, hakuna anayengoja: maumivu na uvimbe humpeleka hospitalini mbio. Aliyeumwa na mbwa hurudi nyumbani, akapika chajio, akalala. Kwa kuwa hakuna kinachomsukuma, hungoja. Kungoja huko ndiko kunakoua.

DAKIKA KUMI NA TANO

Habari njema ni kwamba dawa ya kwanza iko jikoni mwako. Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, paka, kima au mnyama mwingine yeyote wa porini au wa nyumbani, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Weka saa mbele yako, kwa maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kama hapana mfereji, mwombe mtu akumiminie maji kwa kikombe au jagi. Sabuni ya kufulia inafaa kabisa, kwa sababu kirusi hiki kimefunikwa kwa mafuta na sabuni hukivunja. Ukiwa na spiriti au ayodini, paka baada ya kuosha.

Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, wala mwisho wa mwezi. Mweleze daktari ni mnyama gani, wa nani, na kama mlimchokoza. Ataangalia kidonda na kuamua. Chanjo hutolewa kwa awamu: ya kwanza siku ya kufika, ya pili siku ya tatu baadaye, ya tatu siku ya saba, na nyingine kwa mpangilio atakaoandika. Kidonda kikiwa kirefu au kikiwa usoni, inaweza kuhitajika pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka jeraha. Usikatize awamu kwa sababu unajihisi mzima. Aliyechanjwa nusu hana kinga kamili.

Wako wanaoogopa hospitali kwa sababu ya hadithi ya sindano 21 za tumboni. Hadithi hiyo ilikuwa kweli zamani, enzi ya chanjo za kale. Siku hizi sindano ni chache na hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mchanga. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga mvulana wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister kule Paris, imejulikana kwamba aliyeumwa anaweza kuokolewa akifika mapema. Mvulana huyo aliishi hadi utu uzima.

Na kwa kuwa tumetaja sabuni, kuna mdudu mmoja mdogo wa kukumbukwa, mwekundu na mweusi, ambaye Wazungu walimpa jina la jiji letu. Huzagaa baada ya mvua, kama ilivyokuwa baada ya mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998. Hang'ati wala hadungi. Ukimponda juu ya ngozi ndipo maji yake huunguza na kuacha malengelenge. Mpulize au mwondoe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa sabuni, na usifikiche macho. Hapa pia tendo la dakika chache huokoa wiki nzima za uchungu.

USHAURI WA KUKATALIWA

Kuna mambo ambayo ukiambiwa uyatende, yakatae hata kama anayekushauri ni mzee wa heshima. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majani yaliyopondwa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe juu ya kidonda. Usibandike jiwe jeusi. Usichome kwa chuma cha moto. Usifunge kidonda kwa kitambaa cha kukaza. Mambo hayo huleta uchafu na maumivu, na hayafanyi kazi ya sabuni.

Usikubali pia kutulizwa na mwenye mbwa. Atakwambia, "Huyu ni mpole, hajawahi kumwuma mtu." Upole si chanjo. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe anayetoka povu na kukimbiza watu barabarani. Mwingine huwa mnyamavu, hujificha gizani, taya limelegea na mate yanamdondoka, na mtu humshika mdomo akidhani amekwamwa na mfupa. Hata kitoto cha mbwa kinaweza kuwa nacho. Omba kuonyeshwa cheti cha chanjo, na utazame tarehe.

Tena msimwue mbwa huyo kwa hasira. Kama anaweza kufungwa salama, afungwe na atazamwe kwa siku 10 na daktari wa mifugo, huku aliyeumwa akiwa ameshaanza sindano. Mbwa akibaki mzima siku hizo zikapita, daktari anaweza kusimamisha sindano. Akifa au akitoroka, mwambieni daktari bila kuchelewa. Mzoga usitupwe wala usishikwe kwa mikono mitupu. Maofisa wa mifugo wajulishwe, kwa kuwa maabara kuu ya mifugo iko hapa hapa Kabete na inaweza kupima ubongo wa mnyama.

MBWA NDIYE WA KUCHANJWA

Hadi hapa nimezungumza juu ya aliyekwisha kuumwa. Lakini kungoja watu waumwe ndipo tuwadunge ni kama kufuta maji sakafuni huku mfereji ukiwa wazi. Chanjo za watu ni ghali, na mara nyingine mgonjwa huambiwa katika hospitali ya umma kwamba zimekwisha, ajitafutie katika duka la dawa. Baba wa Kawangware anayelipwa kwa siku atafanya nini? Atanunua ya kwanza, ya pili aikope, ya tatu aiache. Kumchanja mbwa mmoja kwa mwaka ni nafuu mno kuliko hayo.

Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kushika na hufifia. Jambo hili limejaribiwa na watu wanaozungumza lugha yetu. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka wa 2010 ziliukata ugonjwa kufikia 2014. Mwaka wa 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wapemba hawakukata tamaa. Walichanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umekatika mara ya pili. Kama Pemba waliweza, jiji lenye kitivo cha mifugo cha chuo kikuu na maabara kuu ya nchi huko Kabete lina sababu gani?

Najua wapo watakaosema dawa ni kuwaua mbwa koko wote kwa sumu au risasi. Siungi mkono. Mbwa wakiuawa, mabaki ya machinjio hubaki pale pale, na wengine wasiochanjwa huja kuyala. Sumu nayo haichagui: huua mbwa aliyechanjwa, huua kuku, na inaweza kumfikia mtoto. Wenye mbwa nao huwaficha wasionekane, wala hawatawaleta kuchanjwa. Afadhali takataka zizolewe, mabaki ya machinjio yafukiwe, na mbwa wachanjwe.

Nani afanye kazi hiyo? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti wa wanyama pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Imezikabidhi pia zahanati na vituo vya afya. Basi kaunti haiwezi kusema kwamba daktari wa mbwa ni wa idara hii na daktari wa mtu ni wa idara ile. Naiomba Kaunti ya Nairobi, pamoja na jirani zake Kiambu na Kajiado, zichanje kwa siku moja, kwa kuwa mbwa hajui mpaka uko wapi kati ya Dagoretti, Kikuyu na Ngong. Wapelekwe mtaa kwa mtaa, siku ya Jumamosi, kwenye viwanja vya shule na vya makanisa, ambako mtoto anaweza kumleta mbwa wao kwa kamba. Na kila kituo cha afya cha umma kiwe na chanjo ya watu, ya kwanza angalau isiwe ya kutafutwa. Tarehe 28 Septemba huadhimishwa duniani kote kama siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ifanywe siku ya sindano, hotuba zipunguzwe.

WAJIBU WAKO

Usiiachie serikali kila jambo, hata hivyo. Kama una mbwa, mchanje afikapo miezi mitatu, urudie kila mwaka, na uhifadhi cheti mahali utakapokipata. Mfungie uani. Bawabu wako, anayemlisha kila siku, ndiye wa kwanza kuumwa. Mweleze la kufanya na uwe tayari kugharimia matibabu yake. Kama huna mbwa lakini una mtoto, mfunze maneno mawili usiku huu: asimguse mnyama asiyemjua, na akiumwa au kukwaruzwa asifiche. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchapwa kwamba walikuwa wapi. Mwahidi kwamba hatachapwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fisi wa Rongai akitokea tena, tutasikia, na wenye bunduki watakwenda. Mbwa wa jirani hatatangazwa redioni. Atakuja kimya kimya, siku ya kawaida, na atakayeamua mwisho wa habari hiyo ni wewe, na kipande cha sabuni, na mwendo wako kuelekea hospitalini kabla jua halijatua.